Gari la Mwalimu, mbuyu wa Bagamoyo au mawingu ya Uluguru: mpiga picha wa Dar aende wapi kwa siku moja?

Swali huja Alhamisi jioni, watu wakishaanza kuinusa wikiendi: "Jumamosi tunapiga wapi?" Kikundi chetu kina watu wanane, watatu wana kamera na waliobaki wanatumia simu, na kila mara tunagawanyika mafungu yaleyale. Kuna wapenzi wa magari ya zamani, ambao wakiona bampa la kromu hawasikii tena unachowaambia. Kuna wa majengo, watu wa kuta na milango, wanaoweza kusimama nusu saa mbele ya dirisha moja. Na kuna wa milima, ambao picha isipokuwa na upeo wa macho wanaiona kama ya pasipoti.

Nimekwenda na mafungu yote matatu, zaidi ya mara moja kila upande. Kuna siku nilirudi na picha ambazo mpaka leo ziko ukutani kwangu, na kuna siku nilirudi na jua la kichwa tu. Hapa ninazipanga safari tatu kwa mtu anayeanzia Dar es Salaam na anayetaka kulala kwake usiku uleule. Ya kwanza ni magari ya kihistoria pale Makumbusho ya Taifa, eneo la Posta katikati ya jiji, na majengo ya enzi ya Mjerumani yaliyo jirani kama nyongeza. Ya pili ni Bagamoyo, Mji Mkongwe na Kaole. Ya tatu ni Morogoro, kuipiga safu ya milima ya Uluguru ukiwa mjini au ukipanda hadi Morningside.

Tunapima nini

Mwanga kwanza, maana ndio unaoamua mengine yote. Halafu njia na muda, pesa, vifaa, ruhusa pamoja na watu utakaowakuta, na mwisho aina ya picha utakazorudi nazo. Uzuri wa mahali sikuuweka kwenye vigezo kwa makusudi. Kote kuzuri. Mtu anayeuliza "wapi kuzuri zaidi" mara nyingi alitakiwa aulize "Jumamosi yangu ina saa ngapi, na ni saa zipi".

Mwanga

Tofauti kubwa ya safari hizi tatu iko hapa. Gari la makumbusho linakungoja wewe. Jengo linangoja jua. Mlima haungoji mtu.

Magari ya Posta yako kwenye kivuli, kwa hiyo saa ya kufika haina uzito sana. Kuna Austin A40 aliyoitumia Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru, na Rolls-Royce iliyowabeba magavana wa Kiingereza kisha ikambeba Mwalimu mwenyewe. Ukiyapiga saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, tofauti ni ndogo. Hata mawingu ni rafiki, kwa sababu jua kali likipenya kwa pembeni hutengeneza doa jeupe kwenye boneti ambalo hakuna programu itakayoliondoa. Wanaolalamika kwamba Dar haina mwanga mzuri mchana hawajajaribu kupiga gari jeusi lililong'arishwa siku ya wingu. Rangi inatulia, na kila mkunjo wa bati unajisoma wenyewe.

Ila kuna adui mmoja: wewe mwenyewe. Kromu na rangi ya gari lililotunzwa ni kioo. Nilivaa fulana nyekundu safari yangu ya kwanza, na katika picha kumi na tisa kati ya ishirini kuna mtu mwekundu amejikunja ndani ya taa ya mbele. Siku hizi ninavaa nguo nyeusi, ninasogea pembeni kidogo, na kabla ya kubonyeza ninalikagua kila umbo linalong'aa.

Bagamoyo ni habari nyingine. Bahari iko mashariki, jua linachomoza majini. Mtu mwenye gari lake akitoka Dar saa kumi alfajiri atakuta majahazi na ngalawa zimesimama kama vivuli vya karatasi mbele ya anga ya machungwa. Huku kwetu jua huchomoza kati ya kama saa 11:55 alfajiri na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi, na rangi ile haidumu hata robo saa. Baada ya hapo mwanga unapanda ufukweni na kuanza kulamba kuta. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mwanga wa pembeni ukizipata unaona kila shimo, kila kiraka cha plasta kilichobanduka, kila mahali fundi wa miaka mia moja iliyopita alipopitisha mwiko. Saa tatu na nusu mchezo huo unakwisha. Saa sita ukuta uleule ni karatasi nyeupe isiyo na kitu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea Bagamoyo, na mimi nilikosea kabla yao. Tulifika saa tano na nusu kwa sababu kuna aliyetaka supu Tegeta. Tulizunguka Mji Mkongwe wote, tukapiga kila kitu, na tulipofungua picha nyumbani ilikuwa kama tumepiga kwa fotokopi.

Dawa ya mchana wa Bagamoyo ni kuhamia kivulini. Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, ina miembe mikubwa, na ina ule mbuyu maarufu. Inasimuliwa kwamba mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alikuwa akimfunga punda wake kwenye mti huo kwa mnyororo. Mbuyu ukakua, ukaumeza. Leo pingili chache za chuma zinachungulia kwenye gome, zimeshika kutu, na gome limezivimbia pembeni kama kidole kilichovimbia pete. Hiyo ni picha ya saa saba mchana, tena ya karibu, na simu inaitosha kabisa.

Morogoro sasa. Uluguru iko kusini mwa mji, kwa hiyo mteremko unaouona ukiwa mjini unatazama kaskazini. Jambo hili dogo linabadilisha kila kitu. Dar na Morogoro ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini na kuupiga mlima usoni. Miezi iliyobaki linapita kusini, na mteremko ule hupata mwanga wa kuteleza tu, rangi ya kijani inageuka kuwa ya mkaa. Kwa hiyo mtu akiniambia anakwenda Uluguru Juni au Julai ninamwonea wivu. Akiniambia Desemba ninamwambia awahi sana au apande juu, asitegemee picha ya kutokea mjini.

Halafu kuna mawingu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unakuja na unyevu, unagonga safu hii yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, unapanda, unapoa, unakuwa wingu. Ndiyo sababu Mto Ruvu unaanzia huko, na ndiyo sababu maji unayooga Sinza au Ukonga yaliwahi kuwa ukungu juu ya shamba la Mluguru fulani. Kwa mpiga picha, maana yake ni kwamba asubuhi kilele kiko wazi, na ikifika saa nne au saa tano kimevaa kilemba. Siku nyingine hakivui mpaka jioni. Siku nyingine kinavua kwa dakika tano, jua linapenya tundu moja na kuangaza shamba moja tu katikati ya mlima mzima, na watu wote kwenye kituo cha bodaboda wanaendelea na mazungumzo yao kama vile hakuna kilichotokea.

Njia na muda

Posta haihitaji maelezo marefu. Panda mwendokasi ushuke Posta au Kivukoni, tembea hadi Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Makumbusho hayafunguliwi alfajiri, kwa hiyo lala vizuri. Saa tatu zinakutosha, nne ukiwa mtu wa kupiga bawaba na vitasa.

Tahadhari moja ya kuchekesha: kuna waliokwenda kituo cha Makumbusho kule Kijitonyama wakitafuta gari la Mwalimu. Pale kuna Makumbusho ya Kijiji, yenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, nayo inafaa kupigwa picha, lakini magari haya hayapo. Kituo hicho kina faida kwa mwendaji wa Bagamoyo, maana daladala za huko huanzia hapo.

Bagamoyo ni kama kilomita 70 kaskazini. Bila foleni ni saa moja na nusu. Jumamosi asubuhi kupitia Mwenge na Tegeta unaweza kuongeza saa nzima juu yake. Kwa usafiri wa umma usijidanganye kwamba utawahi macheo. Lenga kufika saa mbili. Ukishafika, Mji Mkongwe unatembeleka kwa miguu. Kaole iko kilomita chache kusini, bodaboda itakufikisha.

Morogoro isingekuwa kwenye makala hii miaka michache iliyopita. Kwa basi ulikuwa unaondoka alfajiri, unatambaa Kimara na Kibaha, unapita Chalinze, na unafika wakati mlima umeshafunika uso. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024 ndipo mlima ulipokuwa safari ya siku moja kwa mtu asiye na gari. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na ukichukua ya kwanza ya asubuhi unaweza kufika Morogoro kilele kikiwa bado wazi. Stesheni mpya iko nje kidogo ya katikati ya mji, hesabu bajaji au bodaboda. Kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka Dar, maana treni za Jumapili jioni hujaa, na mlima una tabia ya kukusahaulisha saa.

Kupanda Morningside, ile nyumba iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa mtu mzima wa afya anayesimama kupiga picha. Wenyeji wanaupanda kwa nusu ya muda huo wakiwa na mzigo kichwani, na watakusalimia bila kuhema.

Pesa

Posta ni nafuu kuliko zote: nauli ya mjini na kiingilio. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Bagamoyo unalipa nauli ya daladala, viingilio viwili au vitatu maana maeneo yako mbalimbali, bodaboda ya Kaole, na samaki wa kukaanga ambaye hutaweza kumpita. Malipo ya maeneo ya serikali siku hizi mara nyingi ni kwa namba ya malipo kupitia simu, hivyo usiende na noti tu mfukoni.

Morogoro ndiyo ghali. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh 13,000 kwenda tu treni ilipoanza, na ipo treni ya haraka yenye bei ya juu zaidi. Ongeza bodaboda, mwongozaji ukipanda, na chakula. Kama unasafiri na watu wanne na mmoja ana gari, hesabu zinaweza kugeuka, lakini mwenye gari ndiye atakayekuwa amechoka kuliko mlima wenyewe.

Vifaa

Hapa nitawaudhi wauza lenzi. Safari mbili kati ya hizi zinapigika kwa simu nzuri, moja inataka zaidi kidogo.

Magari: kosa la simu ni kusogea karibu kwa lenzi pana. Gari linatoka na pua ndefu na mkia mfupi, kama limechorwa na mtoto. Rudi nyuma hatua tano, tumia lenzi ya kuvuta mara mbili, piga goti mpaka jicho lako liwe sawa na taa za mbele. Hapo Austin inapata heshima yake. Kwenye kivuli mkono ukitikisika picha inavuja, kwa hiyo egemea nguzo, shusha pumzi, bonyeza. Stendi ya miguu mitatu uliza kwanza kama inaruhusiwa.

Majengo yanataka subira kuliko kifaa. Ukiinua simu kutazama juu, ukuta unaanguka kinyumenyume. Shika simu wima kabisa, kubali kwamba nusu ya chini ya picha itakuwa barabara, ukate baadaye. Filta ya kupunguza mng'ao, kwa mwenye kamera, inafanya anga ya Bagamoyo kuwa buluu ya kweli, lakini usiizungushe mpaka mwisho, anga itakuwa ya postikadi. Na beba kitambaa laini. Upepo wa bahari unaweka chumvi kwenye kioo bila wewe kujua, na picha zote za jioni zinatoka na ukungu ambao haukuwepo.

Mlima ndio unaotaka lenzi ndefu. Watu wanadhani mandhari ni lenzi pana, na Uluguru ukiipiga kwa lenzi pana inakuwa kitufe cha kijani chini ya anga kubwa. Lenzi ndefu inaukusanya mlima: matuta ya mashamba, nyumba moja ya bati, moshi wa jiko, wingu linaloteleza kati ya kingo mbili. Kwa simu, tafuta kitu cha mbele, mgomba, ngazi ya udongo, mtu, ili mlima upate cha kujipimia. Jambo jingine la Morogoro: ukitoka kwenye behewa lenye kiyoyozi lenzi inaota jasho. Iache ndani ya begi dakika kumi ipate joto taratibu. Usiifute futefute.

Ruhusa na watu

Kote kuna kanuni moja: picha ya kumbukumbu na picha ya biashara si kitu kimoja. Ukija na bibi harusi, taa na watu watano, makumbusho na maeneo ya kale watakutaka kibali, na wana haki. Droni usiirushe popote bila vibali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inahusika, na Wizara ya Ulinzi pia.

Posta ina mitego yake. Ukimaliza magari utavutiwa kuendelea kwa miguu: kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yaliyokamilika 1902, halafu hospitali ya Ocean Road ya 1897. Lakini Ikulu iko maeneo hayohayo, na kule Kivukoni kuna kivuko na vyombo vya jeshi. Lenzi ndefu ikielekea huko utaulizwa maswali, na hayatakuwa ya upigaji picha. Ocean Road ni hospitali ya saratani. Piga paa na matao ukiwa nje kama utaruhusiwa; wagonjwa na ndugu zao waache na mambo yao.

Kama unataka magari ya zamani yaliyo hai, si ya makumbusho, hapo ndipo watu wanapoanza kuwa sehemu ya picha. Dar bado ina Land Rover za zamani mtaani. Kuna mzee mmoja jirani yetu ana Land Rover 109 ambayo milango yake inafungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuninunulia?"

"Hapana mzee, nataka kulipiga picha tu."

"Picha? Basi ngoja nilioshe."

Nilimwomba asilioshe, maana vumbi na kutu ndivyo nilivyovifuata. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa apigwe picha akiwa na pajama. Nikanyamaza, akaleta ndoo. Picha niliyoipenda siku ile ni yake ameinama kwenye gurudumu la nyuma, povu limemfika viwikoni, anasugua rimu ambayo haijang'aa tangu enzi za magari ya abiria ya chai maharage.

Bagamoyo watu wamezoea kamera, na hilo lina pande mbili. Wavuvi wengi hawana neno ukisalimia na kununua kitu, lakini kupiga tu na kuondoka wameona vya kutosha. Pwani salamu haikimbizwi. Ulizia habari za bahari, kama maji yanapwa au yanajaa, na utajifunza jambo la manufaa: wakati wa bamvua maji yanapwa mbali sana, yanaacha mchanga uliolowa unaong'aa kama kioo, na jahazi lililolala ubavu linaonekana mara mbili. Kaole kuna makaburi na mabaki ya msikiti wa karne ya 13. Usikanyage, usiegeshe begi juu ya kaburi ili upate pembe nzuri.

Uluguru ni mashamba ya watu. Njia ya Morningside inapita kwenye matuta ya mboga na migomba, na akina mama wanashuka na vikapu kwenda sokoni. Pisha njia kwanza, kamera baadaye. Mteremko haumruhusu mwenye mzigo kusimama. Mama mmoja aliniona nimekaa saa nzima nikitazama juu akaniuliza, "Mwanangu, umepoteza nini huko?" Nikamwambia nasubiri wingu liondoke. Akacheka mpaka akatua kikapu. "Hilo la leo ni la kulala." Alikuwa sahihi. Na ukiendelea juu zaidi kuingia msituni, kuelekea kilele kama Lupanga, hiyo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu: lipia kibali, chukua mwongozaji.

Utarudi na nini

Posta inakupa uhakika. Picha kumi safi hazikosekani, zenye historia ndani yake, na ukiandika maelezo mazuri chini yake watu watasoma. Udhaifu wake ni kwamba magari ni machache na hayasogei. Safari ya pili utakuwa unapiga usukani, nembo na mishono ya viti. Ya tatu utahitaji sababu.

Bagamoyo haichoki haraka. Ngome Kongwe, Caravanserai (kituo cha misafara ya zamani), Boma la 1897, forodha ya ufukweni, milango ya nakshi, kanisa, mbuyu, makaburi ya Kaole, soko la samaki: huwezi kuvimaliza kwa siku moja, na usijaribu. Chagua mtaa mmoja na mwanga mmoja. Udhaifu wake ni kwamba kila mtu ameshapiga picha hizo, na baadhi ya majengo yamekarabatiwa hadi yamepoteza makunyanzi ambayo mpiga picha anayatafuta. Mengine yameachwa yakafa.

Uluguru ni kamari. Nimekwenda mara nne, mbili nimerudi na mawingu matupu. Lakini picha moja kutoka safari ya tatu, ya mwanga ule wa dakika tano, ndiyo ambayo wageni wakiingia kwangu wanaiulizia. Hata safari iliyoshindwa ina faida ya dirisha la treni: kandamiza lenzi kwenye kioo kuua mng'ao, acha nyasi za karibu zivutike kama rangi iliyofutwa kwa kidole, na mitende ya mbali itulie.

Uende wapi, basi

Kama una nusu siku tu, au unatoka na watoto au wazazi, nenda Posta. Kuna kivuli na vyoo, hakuna ngazi za udongo, na bibi anaweza kukuambia mambo ya Mwalimu ambayo hayakuandikwa kwenye kibao. Inamfaa pia anayejifunza kamera, maana gari lililosimama linakuruhusu kukosea mara hamsini.

Kama una siku nzima na simu peke yake, Bagamoyo itakulipa zaidi, kwa sharti la kuwahi. Asubuhi ufukweni na kwenye kuta, mchana misheni kwenye miembe na mbuyu, alasiri Kaole jua likishalegea. Ukiwa mtu wa kuamka saa tano Jumamosi, kuwa mkweli kwa nafsi yako, fika mchana, anza na misheni, piga kuta jioni kwa upande unaotazama magharibi.

Mwenye lenzi ndefu, miguu mizuri na moyo wa kukubali kurudi mikono mitupu aende Morogoro, hasa Juni na Julai, au siku inayofuata mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa. Kuanzia Agosti kuelekea Oktoba moshi wa mashamba na vumbi vinaweza kuweka pazia la kijivu mbele ya mlima. Wengine wanalipenda pazia hilo, mimi bado najilazimisha.

Mnaokwenda kama kikundi chenye mafungu matatu kama chetu, msilazimishe kura. Bagamoyo ndiko wapenzi wa mandhari hupata bahari na wa majengo hupata kuta. Wa magari watanung'unika mpaka wapite mbele ya lori bovu lililolala chini ya mwembe, hapo mtawasubiri wao.

Na masika yakiwa yamekolea, Machi hadi Mei, barabara ya mlimani ni utelezi na Bagamoyo mwanga hauna ahadi, hivyo nenda Posta. Kaa na magari mpaka mvua ikatike, kisha toka haraka ushuke kuelekea Azania Front kabla lami haijakauka. Tafuta dimbwi lililo mbele ya kanisa, shusha simu ichungulie karibu iguse maji, uigeuze kichwa chini ili lenzi iwe upande wa dimbwi. Kuta nyeupe, mnara na paa la vigae vyekundu vitakuwa juu, na vingine chini, mpaka daladala ipite.